Matairi tulivu kwa gari la familia lenye umri: uzoefu wangu baada ya kilomita 11,000

Gari letu ni Toyota Corolla ya mwaka 2008, na kwa miaka mingi limeibeba familia nzima bila kutuangusha. Mwaka uliopita lilianza kuvuma. Ulikuwa mvumo mzito uliojitokeza tukifika kilomita 50 kwa saa na kupanda kadiri mwendo ulivyoongezeka, hadi mama yangu, ambaye hukaa kiti cha nyuma na ambaye masikio yake yamepungua nguvu, akawa hasikii tunachozungumza mbele. Mwanzoni aliuliza, tukamrudia. Baadaye akaacha kuuliza. Hilo la kuacha kuuliza ndilo lililoniuma, na ndilo lililonifanya nilishughulikie suala la matairi kwa uzito ambao sikuwa nimelipatia hapo kabla.

Nilidhani tatizo ni beringi ya gurudumu la nyuma, kwa kuwa mvumo wa beringi iliyochoka na mvumo wa tairi lililolika vibaya hufanana mno. Fundi ninayemwamini alinizuia nisinunue chochote kabla ya kusikiliza. Tulikwenda pamoja kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, akaniomba nipeleke usukani kushoto kidogo kisha kulia, polepole. Beringi mbovu kwa kawaida hubadilisha sauti pale uzito wa gari unapoiegemea au kuiondokea. Sauti yetu haikubadilika. Nilipoondoa mguu kwenye mafuta, injini ilishuka lakini mvumo ukabaki palepale. Kisha tukaingia kwenye kipande cha lami mpya iliyo laini, na mvumo ukapungua papo hapo. Tulipotoka hapo na kurudi kwenye lami ya kokoto, nao ukarudi. Sauti inayofuata uso wa barabara ni sauti ya tairi.

Tuliporudi, aliinua gari kwa jeki na kuniambia nipitishe kiganja juu ya kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, za tairi la nyuma la kushoto, kwanza kuelekea mbele, halafu kinyume chake. Upande mmoja mkono uliteleza bila kizuizi. Upande wa pili kila kashata ilikuwa na ukingo mkali uliokwaruza vidole, kama ninayepapasa meno ya msumeno. Tairi la ukubwa wa letu huzunguka takriban mara 500 katika kila kilomita, yaani mara 11 kwa kila sekunde gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, na katika kila mzunguko makumi ya kashata hizo huipiga lami kwa ncha zao. Milio hiyo midogo huungana ikawa mvumo mmoja usiokatika. Chanzo chake kilikuwa uzembe wangu. Corolla huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo matairi ya nyuma hufuata tu, na yakiachwa huko muda mrefu bila kuzungushwa, yaani kubadilishana nafasi na ya mbele, huelekea kulika kwa mtindo huo. Shokapu za nyuma nazo zilikuwa zimechoka, zikiliacha gurudumu lidunde badala ya kulishikilia barabarani. Fundi alisema wazi kwamba nikifunga matairi mapya juu ya shokapu zile, mvumo ungerudi tu. Nilibadilisha shokapu kwanza, jambo lililonichelewesha mwezi mzima, na sijutii.

Kuna kosa la zamani ambalo sikutaka kulirudia. Mara ya mwisho nilinunua matairi mawili ya bei nafuu kwa muuzaji ambaye aliniapia kwamba ni mapya kabisa, na kweli hayakuwa yamewahi kugusa barabara. Nilichokuwa sijui wakati huo ni kusoma tarehe. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna mfuatano wa herufi na tarakimu, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mfuatano kamili mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi, hivyo wakati mwingine inabidi kuchuchumaa na kuangalia upande wa ndani. Matairi niliyouziwa yalikuwa yamekaa ghalani zaidi ya miaka sita. Mpira unapozeeka hukauka na kuwa mgumu, na mpira mgumu hupiga kelele zaidi na kushika barabara vibaya, hasa kwenye maji. Safari hii nilikwenda na tochi ndogo, nikasoma tarehe za matairi yote manne kabla hata ya kuuliza bei, na nikakataa jozi moja.

Suala lililonichukua muda mrefu zaidi lilikuwa ukubwa. Gari letu lilitoka kiwandani na matairi ya 195/65 R15 91H. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni kipimo cha uzito wa juu ambao tairi linaweza kubeba, yaani kilo 615 kwa kila tairi. Na H ni mwendo wa juu kabisa wa kilomita 210 kwa saa. Muuzaji mmoja alinishawishi nihamie 205/55 R16 pamoja na rimu nyingine, akisema gari litapendeza na litakaa vizuri kwenye kona. Hakunidanganya: ukubwa huo hutumika kwenye Corolla za kizazi hicho, na ukipiga hesabu, vipenyo vya nje vya matairi hayo mawili vinatofautiana kwa chini ya milimita 3. Lakini angalia ubavu. Kwenye 195/65 ubavu una kimo cha milimita 127 hivi, na kwenye 205/55 ni 113. Hizo milimita 14 ni mpira na hewa, na ndizo zinazomeza mashimo na mitetemo kabla haijafika kwenye bodi. Isitoshe, tairi pana huigusa lami kwa upana zaidi na kwa kawaida hutoa kelele zaidi, na matairi ya inchi 16 mara nyingi huwa ghali kuliko ya 15. Kwa mtu anayetafuta utulivu kwa fedha kidogo, ukubwa mdogo ulioidhinishwa na kiwanda, ambao umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari, ni mahali pazuri pa kuanzia. Nilibaki na 195/65 R15.

Baada ya hapo nikaanza kulinganisha kelele zenyewe, na hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Umoja wa Ulaya ulianzisha lebo ya matairi mwaka 2012 na kuifanyia marekebisho mwaka 2021. Lebo hiyo huonyesha matumizi ya mafuta na breki kwenye maji kwa madaraja ya A hadi E, na kelele kwa desibeli pamoja na daraja la A, B au C. Watengenezaji wengi huweka taarifa hizo kwenye tovuti zao, kwa hiyo unaweza kuzisoma hata kama tairi linauzwa bila lebo. Nilipoona tairi moja lina desibeli 69 na jingine 72, nilifurahi, kwa kuwa tofauti ya desibeli 3 ni nguvu ya sauti mara mbili. Nilipochunguza zaidi niligundua kwamba kipimo hicho huchukuliwa nje: gari hupita likiwa limezimwa injini, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na maikrofoni huwa kando ya njia, mita 7.5 kutoka katikati ya njia hiyo. Ni kelele anayoisikia mtu aliyesimama kando ya barabara. Ndani ya gari inaingia habari nyingine: mtetemo unaopanda kupitia rimu, shokapu na bodi, na mwangwi wa hewa iliyofungiwa ndani ya tairi, ambao husikika kama mlio wa pipa tupu tunapovuka kiungo cha daraja. Kwa hiyo nilitumia desibeli za lebo kuondoa matairi yenye kelele kupita kiasi, na sikuzitumia kuchagua mshindi.

Mshindi nilimtafuta kwa macho na kwa vidole. Tairi lililoundwa kwa ajili ya utulivu halina kashata zinazolingana urefu. Ukizunguka nalo taratibu utaona fupi, ndefu, ya kati, tena fupi, na mpangilio huo huitawanya sauti isikusanyike kwenye mlio mmoja. Huwa na ukanda mzima usiokatwa katikati, au uliokatwa kwa mikato myembamba tu, na mifereji yake ya pembeni haiishii ghafla kwa namna ya kuibana hewa. Matairi yenye kashata kubwa zilizoachana, ambayo ni mazuri kwa njia za vumbi na matope, niliyaacha bila kuyatazama mara ya pili.

Hata hivyo, niliweka mpaka mmoja ambao sikukubali kuuvuka: daraja la breki kwenye maji lisishuke chini ya B. Kulikuwa na tairi moja la bei nafuu sana lenye desibeli nzuri, lakini breki zake kwenye maji zilikuwa daraja la D. Utulivu niliokuwa nautafuta ni wa mama yangu na watoto, na hao hao ndio watakaokuwa ndani siku nitakayolazimika kusimama ghafla kwenye mvua.

Kuhusu majina, yale ya daraja la kwanza yalikuwa nje ya uwezo wangu, na ya bei ya chini kabisa sikuyaamini. Nilichagua daraja la kati, ambako kuna majina yanayomilikiwa na kampuni kubwa: Kleber iko chini ya Michelin, Barum na Semperit ziko chini ya Continental, na Firestone iko chini ya Bridgestone tangu mwaka 1988. Modeli niliyochukua siitaji kwa makusudi, kwa sababu modeli ileile ikitengenezwa kwa upana mwingine huwa na lebo nyingine, na mtu akinunua kwa jina tu anaweza kupata kitu tofauti na nilichopata mimi. Lebo ya langu inasema C kwa mafuta, B kwa maji, na desibeli 70.

Siku ya kufunga nilisimama karibu. Niliomba vali za mpira zibadilishwe zote, balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, ifanywe kwa magurudumu manne, na alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, ipimwe baada ya matairi kufungwa. Nilijaza upepo kwa kipimo cha kibandiko cha mlangoni. Upepo uliozidi huligeuza tairi kuwa ngoma, na uliopungua hulila kwenye mabega. Baada ya kilomita 80 hivi nilirudi nati zikakaguliwa tena, na mbili zilikazwa kidogo.

Kilomita chache za mwanzo hazikunifurahisha. Tairi jipya huwa na utelezi wa dawa ya kiwandani juu yake, na usukani ulikuwa na ulegevu nisiouzoea. Nilikwenda taratibu, na baada ya kilomita 300 hivi hali ikatulia. Mvumo ule wa zamani ulikuwa umekwisha kabisa tangu siku ya kwanza. Redio ambayo nilikuwa nikiifungulia hadi namba 18 tukiwa barabara kuu, sasa inatosha kwenye 12. Juma la pili mama yangu, akiwa kiti cha nyuma, aliingilia mazungumzo yetu ya mbele na kumsahihisha mke wangu tarehe ya harusi ya binamu. Mke wangu alinitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyesema neno.

Yapo mapungufu, na nitayasema. Kwenye lami ya kokoto kubwa bado kuna mngurumo, mdogo lakini upo. Ubavu laini unaomeza mashimo unalifanya gari lichelewe kidogo kuitikia usukani kwenye kona kali, na anayependa kuendesha kwa kasi hatalipenda. Kashata za mbele zinalika upesi kuliko za matairi yaliyotangulia: nilianza na milimita 8, na sasa, baada ya kilomita 11,000, nimebaki na 6.5. Aidha, utulivu huu umenifichulia kelele ambazo zamani zilifunikwa, hasa upepo unaopenya kwenye mpira wa mlango wa nyuma wa kulia uliochakaa. Mpira huo nimeshauagiza.

Mzunguko wa kwanza, wa nyuma kuja mbele, niliufanya kwenye kilomita 5,000, na wa pili nitaufanya Jumamosi hii. Jana jioni nilipitisha kiganja tena juu ya tairi la nyuma la kushoto, mbele na nyuma, na mkono uliteleza sawasawa pande zote mbili.