Programu ya iHeartRadio: vituo tele, watangazaji wachache

Kwa upande wa mitambo, iHeartRadio ni miongoni mwa programu bora za redio nilizowahi kuzitumia hapa Marekani. Inafunguka upesi, sauti yake ni safi hata mtandao unapolegalega, utafutaji wa vituo kwa jina la mji ni rahisi, na chini ya paa moja msikilizaji anapata vituo zaidi ya 850 vya kampuni mama ya iHeartMedia, vituo vya wamiliki wengine vikiwemo vya redio za umma, pamoja na podikasti za kila namna. Yote hayo ni bure kwa mtu anayeweza kuvumilia matangazo ya biashara, ambayo kwa kweli ni mengi.

Hata hivyo, kuihakiki redio kwa usafi wa sauti peke yake ni kazi nusu. Redio ya mji huuza kitu kimoja ambacho orodha ya nyimbo haiwezi kukiuza, nacho ni mtu aliyepo mjini humo, anayejua barabara gani imefungwa na timu gani imefungwa jana usiku. Programu hii inakupangia vituo kwa miji, na kila kituo kina jina lake, masafa yake na nembo yake, lakini ukisikiliza kwa makini kuanzia katikati ya asubuhi hadi usiku unagundua kwamba katika miji mingi ya kati na midogo mtangazaji unayemsikia hayupo katika mji huo, na pengine hajawahi kuukanyaga.

Utaratibu wenyewe unafanyika hivi. Mtangazaji anaketi studio katika mji wake akiwa na orodha ya nyimbo za kituo kilichopo jimbo jingine. Kompyuta inamchezea sekunde chache za mwisho za wimbo mmoja na sekunde za mwanzo za wimbo unaofuata, naye anaujaza mwanya huo kwa sentensi mbili tatu, anabonyeza kitufe na kurukia mwanya mwingine. Kwa kuwa hasubiri nyimbo ziishe, zamu inayochukua saa nne hewani anaweza kuimaliza kwa muda usiofika saa moja, kisha akaanza ya mji wa pili. Kazi hii inahitaji ustadi, na wapo wanaoifanya vizuri mno. Dalili zake ni hizo hizo kila mahali: mtangazaji hataji saa, hapokei simu, na hali ya hewa anaizungumzia kwa maneno yanayofaa mji wowote. Sisi tuliokulia kwenye vipindi vya salamu, ambapo mtangazaji alizisoma kadi moja moja na majina ya vijiji vyetu akayatamka bila kujikwaa, hatuhitaji kufundishwa kuzitambua.

Mambo yalifikaje hapa? Kampuni ya iHeartMedia ilianzishwa mwaka 1972 mjini San Antonio, Texas, na kwa miaka mingi ilijulikana kama Clear Channel. Wakati huo sheria ya Marekani iliweka kikomo cha idadi ya vituo ambavyo mmiliki mmoja angeweza kuwa navyo, na hadi mwanzoni mwa mwaka 1996 kikomo hicho kilikuwa vituo 40 nchi nzima. Februari mwaka huo Rais Bill Clinton alitia saini Sheria ya Mawasiliano iliyofuta kikomo cha kitaifa na kuruhusu hadi vituo vinane katika soko moja kubwa, yaani mji mkubwa na viunga vyake. Kilichofuata kilikuwa mnada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Clear Channel ilikuwa na vituo zaidi ya 1,200, na mwaka 2008 ilinunuliwa na kampuni za uwekezaji za Bain Capital na Thomas H. Lee Partners kwa fedha ambazo sehemu kubwa yake ilikopwa, na mzigo wa mkopo huo ukabebeshwa kampuni yenyewe.

Deni hilo limelipwa kwa ajira za watu. Tarehe 20 Januari 2009, siku ile ile ambayo Barack Obama aliapishwa na dunia nzima ilikuwa imekodolea macho Washington, kampuni iliwaachisha kazi watu wapatao 1,850, na Aprili ikawaondoa wengine 590. Mwaka 2014 ilibadili jina na kuwa iHeartMedia. Mwaka 2018 ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Ilitoka mwaka 2019, deni likiwa limepunguzwa sana, na Januari 2020 ikafanya tena upunguzaji wa wafanyakazi katika miji mingi kwa mkupuo, ikieleza kwamba inajipanga upya kwa kutumia vitovu vichache vya kazi na teknolojia ya akili bandia.

Aliyeachishwa hapo hawezi kuvuka barabara tu akaomba kazi kwa jirani. Kampuni moja ikimiliki vituo vingi katika mji, milango iliyobaki ni miwili au mitatu, na mikataba mingi ya utangazaji ilikuwa na kifungu kinachomzuia mtu kufanya kazi kwa mshindani kwa muda fulani. Majimbo kadhaa, yakiwemo Massachusetts, Illinois na New York, yamepitisha sheria za kuvibana vifungu hivyo kwa watangazaji. Kwingineko, mtangazaji alihama mji na watoto wake, au aliiacha fani. Jambo linalonisikitisha zaidi ni zamu ya usiku wa manane, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa shule: kijana aliachiwa studio saa sita usiku hadi alfajiri, akakosea mbele ya wasikilizaji wachache, akakomaa. Leo saa hizo zinaendeshwa na kompyuta, na sioni mtangazaji wa miaka ishirini ijayo atajifunzia wapi.

Mji wa Minot, Dakota Kaskazini, ulikuwa umekwisha kutoa mfano wa hatari ya saa hizo Januari 2002. Treni ilianguka usiku wa manane na kumwaga gesi ya amonia, mtu mmoja akafariki na mamia wakaumia. Clear Channel ilimiliki vituo sita vya biashara mjini hapo, na polisi walisema walipiga simu redioni bila kupokelewa. Kampuni ilijitetea kwamba mtu alikuwepo na kwamba polisi hawakuutumia ipasavyo mfumo wa tahadhari. Hata tukiukubali utetezi huo wote, mtu mmoja kwa vituo sita hatoshi.

Kwa haki, pale ambapo kampuni imewaacha watu studio, matunda yanasikika. Kituo cha KFI cha Los Angeles kina waandishi wa habari wanaokimbilia moto wa nyika na foleni za barabara kuu. Kipindi cha asubuhi cha The Breakfast Club kutoka New York kina mvuto wa kweli, ingawa kurushwa kwake katika miji mingi kuna maana kwamba asubuhi za miji hiyo hazina tena mtangazaji wa nyumbani.

Ipakueni basi, lakini bakini kwenye toleo la bure. Ngazi za kulipia zinaongeza uhuru wa kuruka na kuchagua nyimbo, jambo ambalo huduma nyingine za muziki zinalifanya vizuri zaidi, na haziongezi mtangazaji hata mmoja. Anayetaka habari za mji anaoishi atafute ndani ya programu hiyo hiyo kituo cha umma cha mji wake, akiweke cha kwanza kwenye orodha ya vipendwa, na hivyo vingine avifungue anapotaka muziki.