Dawati la kesi nzito chuoni: uchunguzi safi, mlango unaovuja

Dawati tunalolipima hapa ni la chuo kikuu kimoja cha Nairobi. Hatukitaji, kwa sababu baadhi ya kesi zake bado zinaendelea na wahusika ni rahisi kutambulika. Kazi yake ni kesi ambazo zikicheleweshwa mtu ataumia zaidi: ubakaji, mhadhiri anayedai ngono ili atoe alama, vitisho vya kuua, msichana anayeandamwa hadi mlangoni mwa hosteli, mwanafunzi aliyesema amechoka kuishi. Wizi wa mitihani na kelele za usiku hubaki kwa mkuu wa wanafunzi kama zamani.

Ukishafika ndani ya dawati hili, unahudumiwa na watu wanaoijua kazi yao. Kufika ndani ndiyo shida. Na kwa kesi za aina hii, saa 72 za kwanza ndizo zinazoamua nini kitawezekana baadaye.

Tuanze na mlango wenyewe. Chumba cha mapokezi kiko mkabala na dirisha la kulipia karo. Mwezi wa kufungua muhula foleni hupita hapo mchana kutwa, na mlango una kioo. Anayeingia huonwa na watu ishirini kabla hajaketi. Dawa yake haina gharama: wahamie ghorofa ya juu ya zahanati ya chuo. Mtu akipanda ngazi za zahanati hakuna anayejua kama anatafuta panadol au anakwenda kuripoti jambo zito.

Saa kumi na moja jioni dawati linafungwa. Simu ya dharura ikipigwa baada ya hapo hupokelewa na kibanda cha askari wa lango kuu, na askari huandika jina la mpigaji katika daftari la matukio lililo wazi juu ya meza, ambalo hata dereva wa bodaboda anayeleta chakula anaweza kulisoma. Hili ni kosa kubwa, na kisheria halina utetezi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya ya mtu katika kundi nyeti. Askari aandike nambari ya tukio na saa tu, jina liende moja kwa moja kwa afisa wa zamu. Lakini afisa wa zamu wa usiku hayupo, kwa hiyo jina linabaki daftarini.

Askari huyohuyo ndiye anayewaambia manusura waende kituo cha polisi kwanza. Hapo ndipo saa zinapopotea. Hospitali haihitaji nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, ili imtibu mtu. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi hadi saa 120, navyo pia havipendi kungojwa. Hospitali ya Kenyatta inapokea manusura, na Nairobi Women's ya Hurlingham ina kituo maalumu cha manusura tangu 2001. Huko hujazwa fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, kwa nakala 3: moja ya polisi, moja ya manusura, moja hubaki hospitali. Fomu ya P3 ya polisi, ambayo daktari huandikia majeraha, inaweza kufuata baadaye. Kadi ndogo yenye mambo haya, pamoja na 1195, nambari ya bure ya msaada kwa manusura wa ukatili wa kijinsia, ikibandikwa kibandani na askari wakafundishwa kuisoma kwa sauti, nusu ya malalamiko yetu katika tathmini hii yangeisha.

Mchana mambo ni tofauti kabisa, na hapa dawati linastahili sifa. Afisa wa kesi humsindikiza manusura hospitalini kwa gari la chuo. Hapewi nauli na kuachwa aende peke yake. Anaambiwa asioge wala asifue. Nguo aliyokuwa nayo hutiwa katika mfuko wa karatasi ya kaki, kila nguo mfuko wake. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu, ukungu huota, na DNA huharibika kabla haijafika maabara. Juu ya mfuko huandikwa tarehe, saa na jina la aliyeufunga, kisha sahihi hupitishwa juu ya gundi, nusu kwenye mfuko na nusu kwenye mkunjo, ili ukifunguliwa ijulikane. Mfuko unapokabidhiwa polisi, anayetoa na anayepokea wote hutia sahihi katika daftari la makabidhiano. Wakili wa mshtakiwa huanza kuuliza hapo: kati ya saa tatu na saa nane mfuko ulikuwa wapi?

Kwa ushahidi ulio kwenye simu wana utaratibu mzuri vilevile. Picha ya skrini peke yake ni ushahidi dhaifu, maana hukatwa na kuhaririwa kwa dakika moja. Mlalamikaji huombwa asifute chochote. Mazungumzo ya WhatsApp hutolewa yote kwa pamoja, yakachapishwa, kisha aliyeyachapisha hujaza cheti kinachotajwa katika kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, akieleza ni simu gani ilitumika na nakala ilitolewaje. Bila cheti hicho mahakama inaweza kuzikataa karatasi zote. Barua ya kuomba picha za kamera za CCTV huandikwa siku hiyohiyo, kwa sababu mitambo hiyo hurekodi juu ya picha za zamani diski inapojaa, na mara nyingi hilo hutokea ndani ya wiki chache tu.

Mahojiano hufanywa mara moja na kwa makini. Maafisa huwa wawili, mmoja anauliza na mwingine anaandika. Swali la kwanza ni, "Tuambie kilichotokea, anza pale unapotaka," halafu wananyamaza. Maelezo huandikwa kwa lugha aliyoyatoa, hata kama ni Sheng, kisha husomewa tena na kutiwa sahihi kila ukurasa. Tumeona katika taratibu nyingine mtu akisema "alinishika kwa nguvu nikashindwa kupumua", karatasi ikaandikwa "alimgusa bila ridhaa", na miezi minne baadaye kamati ikamwona kama anayebadilisha maneno. Hapa hilo halitokei. Swali la mavazi, lililokuwa ukurasa wa pili wa fomu ya zamani, limefutwa. Ni vyema.

Karatasi ya kupima hatari ina maswali mafupi. Anakijua chumba chako? Ana ufunguo? Ana silaha au anaweza kuipata? Amewahi kukutishia kukuua? Amewahi kukukaba koo? Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Aliyewahi kukabwa koo na mpenzi wake yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mtu huyohuyo, hata kama shingo haina alama yoyote, na anahitaji daktari siku hiyohiyo kwa sababu uvimbe wa ndani unaweza kuja baadaye. Kasoro ni kwamba karatasi hii hujazwa siku ya kwanza tu. Hatari hupanda mlalamikiwa anapopokea barua ya mashtaka, hupanda tena wiki ya kikao, na tena siku ya uamuzi. Kila moja ya siku hizo ilitakiwa kuwa na karatasi mpya na simu kwa mlalamikaji saa chache kabla.

Hatua za muda nazo zina upungufu. Kwenye karatasi sera inasema anayehamishwa ni mlalamikiwa. Kwa vitendo, vyumba vya hosteli vinapokosekana, msichana ndiye anayeambiwa akalale kwa shangazi yake mtaani Umoja "kwa wiki moja hivi", na wiki moja inakuwa muhula. Anakosa CAT, yaani majaribio ya katikati ya muhula, anakosa mihadhara ya asubuhi, na anayelalamikiwa anaendelea kula mesini. Kumsimamisha au kumhamisha mtu kwa muda si kumhukumu, na barua inaweza kusema hivyo waziwazi. Chuo kikiweka akiba ya vyumba viwili tu kila hosteli, kisingizio hiki kitaisha.

Katika kesi za alama kwa ngono dawati hili ni bora kuliko tulivyotarajia. Kosa la kawaida ni kumwita mhadhiri kwanza "atoe maelezo yake". Akitoka hapo anajua kila kitu, na karatasi za mtihani zinapotea kwenye kabati la idara. Dawati huanza kwa kufunga ushahidi kimyakimya: rekodi ya mfumo wa alama inayoonyesha nani alibadilisha alama gani na saa ngapi, vijitabu vya majibu vya darasa zima na si vya mlalamikaji peke yake, pamoja na orodha ya waliofanya mtihani maalumu. Halafu mtahini mwingine husahihisha upya bila kuona majina. Ikiwa mlalamikaji alipewa 31 na msahihishaji wa pili anampa 58, hilo si thibitisho la unyanyasaji, lakini ni jambo ambalo mhadhiri lazima alieleze. Wanatazama darasa zima kwa sababu anayefanya hivi mara nyingi hakuanzia kwa mmoja.

Kuna nukta ya kisheria wanayoielewa vizuri. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinaweka kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili, kwa mwenye mamlaka anayesumbua mtu kingono. Lakini sheria inataka awe amefanya hivyo kwa kurudiarudia. Ujumbe mmoja wa usiku wa manane unaweza usitoshe kortini. Sera ya chuo haina sharti hilo, na kipimo chake cha ushahidi ni lipi lina uwezekano zaidi, si kuthibitisha kupita shaka. Kwa hiyo polisi wakifunga faili, chuo hakilazimiki kufunga la kwake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya unyanyasaji wa kingono, ila inamlinda mfanyakazi. Mwanafunzi si mfanyakazi wa chuo. Asipotajwa ndani ya sera ya chuo chenyewe, kifungu hicho hakimfikii.

Kikao cha nidhamu ndipo vyuo vingi huanguka, na Mahakama Kuu imewahi kubatilisha maamuzi ya vyuo kwa sababu ya utaratibu mbovu hata pale kosa lilipokuwa zito. Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya 2015 zinataka mlalamikiwa apewe notisi ya kutosha, aone ushahidi, asikizwe, aambiwe sababu na njia ya kukata rufaa. Barua za dawati hili hutaja tarehe, mahali na tendo. Haziishii kwenye "utovu wa nidhamu". Mfanyakazi huambiwa anaweza kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama, kama kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinavyotaka. Aliyechunguza haketi katika kamati. Maswali kwa mlalamikaji hupitia kwa mwenyekiti, na mlalamikaji huketi chumba kingine akionekana kwa video. Yote mazuri, kisha mlalamikaji na mlalamikiwa wanaachwa wangoje katika ukumbi mmoja mwembamba wenye benchi moja.

Kisha kuna tundu ambalo wengi hupenyea. Mhadhiri wa muda anayefundisha vyuo vitatu akinusa uchunguzi, anaacha kazi au mkataba wake unaisha Desemba, na faili linafungwa. Januari yuko darasani mtaa wa pili. Cheti cha utumishi chini ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira hakimlazimu mwajiri kusema lolote kuhusu tabia yake. Dawati liendelee hadi matokeo hata akiwa ameondoka, na anayeajiri aulize kwa maandishi: alipoondoka, je, kulikuwa na uchunguzi ambao haujakamilika? Kwa sasa hawafanyi lolote kati ya haya mawili.

Kuhusu mwanafunzi anayetaka kujiua, dawati bado linapitisha taarifa kwa idara ya ulinzi kabla ya mshauri nasaha. Ni mazoea ya enzi ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, ambacho Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Mtu huyo anahitaji mtu wa kukaa naye usiku huo, vidonge na kamba viondolewe chumbani, na daktari asubuhi. Askari mwenye rungu hana kazi hapo.

Kwa jumla tunalipatia dawati alama 6 kwa 10: 9 kwa uchunguzi, 3 kwa mapokezi na usiku. Wewe unayetaka kwenda wiki hii, nenda kabla ya saa nne asubuhi, foleni ya karo ikiwa fupi, na uende na rafiki na chaja ya simu. Una haki ya kumwomba afisa mwanamke. Usiondoke bila nambari ya kesi na nakala ya maelezo yako. Wakisema mashine ya fotokopi imeharibika, piga picha ya kila ukurasa kwa simu yako, mbele yao, sahihi zote zikionekana.