Siku tatu Kwale kwa miguu: Shimba Hills, Kaya Kinondo na mikoko ya Gazi

Nimezaliwa Mombasa, nina miaka 43, na sehemu ya maji ya bomba ya mji huu hutoka chemchemi za Marere, ndani ya msitu wa Shimba Hills. Maana yake nimeyanywa maji ya mlima ule tangu utotoni na sikuwahi kuukanyaga. Ukikaa kwetu unaona kama mbuga ni za wageni wa hotelini, wale wenye kofia za kitambaa na magari ya paa wazi.

Agosti hii shule zilipofungwa, mpwa wangu wa miaka 12 alikuwa kwangu anashinda na simu. Mama naye alikuwa amekuja kwa ajili ya magoti, na daktari alimwambia atembee, asikae kitako mchana kutwa. Nikasema basi, nawachukua wote wawili, twende Kwale. Tulikwenda siku tatu mbalimbali, kila jioni tunarudi kulala nyumbani.

Tulianza na Shimba Hills. Kufika Kwale mjini si kazi: unavuka feri Likoni, unapanda matatu, na baada ya Kombani barabara inaanza kupanda na hewa inabadilika mpaka unatamani sweta. Kazi ni ndani ya hifadhi, maana huruhusiwi kuzunguka kwa miguu hivi hivi; lazima uwe na gari. Nilikodi la jamaa mmoja niliyeelekezwa na rafiki. Alituambia saa moja asubuhi, akaja saa tatu kasoro, na kwenye mwinuko gari likaanza kutoa mvuke. Tulisimama kando tukilimwagia maji ya chupa tuliyobeba kwa ajili ya kunywa. Tulipofika Elephant Hill, mahali pa kuanzia kushuka maporomoko ya Sheldrick, kundi la asubuhi lilikuwa limeshateremka, ikabidi tungoje la alasiri. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: dereva mchague kwa makini kuliko unavyochagua viatu. Gari peke yake lilinigharimu kuliko viingilio vya sehemu zote tatu tukijumlisha. Kiingilio cha hapa hulipwa kwa mtandao, kwa hiyo maliza mambo yako ya simu kabla ya kutoka nyumbani.

Kule kungoja hakukuwa hasara. Tulizunguka na gari tukaona palahala saba. Kama hujui, palahala ni swala mkubwa. Dume ni jeusi tii, tumbo jeupe, pembe zimepinda kwenda nyuma kama jambia. Kenya nzima wanapatikana hapa tu. Mpwa wangu ndiye aliyewaona kwanza, na kwa mara ya kwanza wiki ile simu ilikuwa mfukoni. Tembo hatukuwaona, tuliona mavi yao tu, mabichi kabisa. Tembo wa huku walizidi uwezo wa msitu wakawa wanaingia mashambani, hata mwaka 2005 wakahamishwa 150 kupelekwa Tsavo Mashariki. Jirani kuna Mwaluganje, ambako tangu 1995 wenye mashamba wenyewe waliunganisha ardhi yao iwe ya tembo, na mavi yake yakawa yanatengenezewa karatasi. Mtoto aliposikia hilo alicheka mpaka akakaa chini. Mwaluganje hatukufika, jua lilikuwa limeshatupita.

Maporomoko ya Sheldrick unateremka na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kama kilomita 2. Kushuka ni raha. Unapita nyasi, unaingia msituni, unaanza kusikia maji kabla hujayaona, halafu ghafla yako mbele yako yanaanguka zaidi ya mita 20 kwenye kidimbwi. Tulivua viatu tukaingia. Baridi yake inakata meno! Lakini kurudi juu, wacha. Nilisimama mara nne nikijifanya natazama ndege. Yule askari alijua, kila nikisimama naye alinionyesha ndege. Mama tulimwacha juu kivulini na dereva, na hilo ndilo lililoniuma: niliyemleta atembee alikaa kitako siku nzima. Kama una mzee wa magoti, usidanganywe na hizo kilomita 2.

Siku ya pili tukaenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu kusini ya Diani. Msitu ni mdogo, hekta 30 hivi, njia yake ni tambarare ingawa chini kuna mawe ya matumbawe yanayokukwaza. Nikajua hapa mama ataweza. Mama yangu ni Mdigo wa Likoni, na kaya hii ni ya Wadigo; nilitarajia afurahi kuliko sisi. Tulipofika, akamwamkia mzee mwenyeji, wakaulizana ukoo muda mrefu, kisha akavuta kiti.

"Nyinyi nendeni," akasema. "Kaya haitembelewi. Kaya inaendewa kwa haja, na mimi leo sina haja."

Mzee hakumbishia. Alitufunga kaniki nyeusi kiunoni, akamvua mpwa wangu kofia, akatueleza miiko: usichume hata jani, kuni zilizoanguka zinaozea pale pale, na pahali nitakapowaambia msipige picha, msipige. Ndani ni giza la kijani, na joto la barabarani linakatika mara moja. Kaya hizi za Wamijikenda, ambao Wadigo ni miongoni mwao, ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini ukiwa ndani unaona wazi kilichouhifadhi msitu ni miiko, si kibao. Mtembezi wetu alimsimamisha mtoto mbele ya mti mmoja mnene akamwambia aukumbatie, aukabidhi shida zake. Alikumbatia kwa aibu. Hajaniambia alikabidhi nini.

Tulipotoka mama alikuwa anakunywa dafu na wanawake wawili wa pale, wameshagundua undugu. Ukiniuliza kama nakushauri kwenda, nakwambia nenda, lakini si mahali pa kupiga kelele wala pa kukimbiza watoto. Dakika 45 na umemaliza. Kama unataka kivuli na michezo, mbega wa Diani utawaona bure, wanavuka juu ya barabara kwa ngazi za kamba walizotundikiwa.

Gazi nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Unapanda matatu ya kwenda Msambweni au Lunga Lunga, unashuka stendi ya Gazi, halafu bodaboda mpaka kijijini. Ndio mji wa Mbaruk bin Rashid, yule Mmazrui aliyepambana na Waingereza 1895 na 1896, lakini siku hizi watu huja kwa ajili ya daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko, mita 300 hivi, linaloendeshwa na kikundi cha akina mama. Ni sawa, halina mwinuko, na kuna mahali pa kukaa. Mama alishika reli kwa mkono mmoja na leso kwa mkono mwingine, akaingia bila kusubiri mtu.

Msichana aliyetutembeza alianza kutueleza aina za mikoko. Hajafika mbali mama akamkata: "Huu mkandaa. Ule mchu. Huu wenye mizizi kama buibui ni mkoko wenyewe." Kumbe babake alikuwa akipakia boriti, na nyumba aliyozaliwa dari lake lilikuwa la miti hii hii. Sikuwahi kulisikia hilo miaka 43. Msichana akaacha maelezo yake akaanza kuuliza yeye: mlikata msimu gani, mlibeba vipi, mlibakisha ipi. Baadaye yeye naye akamweleza mama habari ya Mikoko Pamoja, mradi wa Gazi na Makongeni unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko hiyo inaihifadhi, tangu 2013, pesa zikaenda kwenye maji na shule.

"Yaani mnalipwa kwa kutokata?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Baba angekuwa tajiri akilala." Akacheka, nasi tukacheka.

Kasoro ni mbili. Mbao zingine zina uteleze, vaa ndara zenye meno. Na sisi tulifika maji yamekupwa. Kwa mtoto ilikuwa bora, alihesabu kaa wenye gando moja kubwa mpaka akachoka, akaona na tondo, wale konokono wa mikokoni, wamejipanga topeni. Lakini wenyeji walisema maji yakijaa, hasa bamvua, yaani yale maji makubwa kuliko ya siku zote, daraja linakuwa kama linaelea. Uliza saa ya maji kabla hujapanda matatu. Chakula nacho kiagizwe mapema. Sisi tulipiga simu asubuhi tukakuta wali wa nazi na samaki wa kupaka, na bei yake isingekununulia hata sahani tupu Diani.

Mama alilivuka daraja lile mara mbili, kwenda na kurudi, kisha akaomba arudi tena mpaka katikati kuona kama kuna mkomafi, aina nyingine ya mikoko. Ulikuwepo mmoja. Ameshaulizia bamvua ya mwezi ujao itaangukia siku gani.