Miaka miwili ya mafunzo ya baada ya uzamivu katika mikrobiolojia, Moshi: tathmini ya mhitimu

Watu watatu wameniuliza kwa nyakati tofauti iwapo mafunzo ya baada ya shahada ya uzamivu katika mikrobiolojia ya tiba na ya afya ya jamii, ambayo nimeyamalizia hapa Moshi, yanastahili miaka miwili ya mtu mwenye familia. Jibu langu ni kwamba upande wa tiba unastahili hata mitatu, ilhali upande wa afya ya jamii, kwa namna nilivyoupata mimi, ungemalizika kwa miezi minne. Taasisi sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na wahusika tunaendelea kusalimiana sokoni Mbuyuni.

Kinachofundishwa kwa dhati ni kazi ya benchi, yaani kupima sampuli za wagonjwa maabara. Mtu anaweza kuwa na uzamivu wa vinasaba vya bakteria, kama niliokuja nao mimi, na bado asiweze kusoma sahani ya kuoteshea bakteria kwa namna ambayo mgonjwa atanufaika nayo. Katika wiki yangu ya pili nilipima duara la diski ya jentamisini, yaani eneo ambalo bakteria hawakuota kuzunguka kikaratasi chenye antibayotiki hiyo, nikaandika kwamba klebsiela ile, bakteria wa mgonjwa mmoja, ni sugu. Msimamizi wangu hakubishana nami. Alichukua kisu kidogo, akakata kipande cha agari, ile rojo iliyoganda ambayo bakteria huota juu yake, akakilaza ubavu na kukiwekea rula: milimita 6, wakati kanuni ni 4. Agari ikiwa nene, dawa huzama chini badala ya kutawanyika pembeni, duara husinyaa, na kimelea ambacho dawa ingekimaliza huonekana kuwa sugu. “Sasa mpigie daktari wa wodi umwambie umekosea,” alisema, “na uanze kwa kumsalimia.”

Simu hiyo ndiyo iliyokuwa somo lenyewe, na sijaona mahali pengine linapofundishwa vizuri namna hii. Mwanafunzi halazi mpaka asubuhi majibu ya chupa ya damu, yaani damu ya mgonjwa inayooteshwa ili kuona kama ina bakteria. Chupa ikionyesha ukuaji saa tatu usiku, anapaka kioo, anatia rangi ya Gram, inayotenganisha makundi ya bakteria, anatazama, kisha anapiga simu wodini kabla hajalijua jina la kimelea. Nakumbuka usiku mmoja nilipoona vijiti vyekundu, yaani bakteria wenye umbo hilo, vilivyojaa katika damu ya kichanga aliyekuwa akipewa ampisilini na jentamisini. “Shikamoo daktari, natoka maabara, ni kuhusu yule mtoto wa kitanda cha dirishani.” Aliitikia marahaba, kisha akauliza swali moja tu: nabadilisha dawa sasa au nisubiri? Nilichoweza kumwambia ni kwamba vijiti vya aina hiyo kwa vichanga mara nyingi huwa klebsiela, ambayo kwa asili yake haisikii ampisilini, kwa hiyo kwa usiku ule jentamisini ndiyo iliyobaki ikipigana peke yake. Kutamka jambo kama hilo ukiwa na nusu ya ushahidi, bila kuongeza chumvi na bila kujificha nyuma ya maneno “tunasubiri uthibitisho”, kulinichukua karibu mwaka mzima kukuzoea.

Nuru nyingine ya mafunzo haya ni kondoo. Nyuma ya jengo hufugwa kondoo wawili, na kila mwanafunzi hujifunza kuwatoa damu shingoni, kuitikisa ndani ya chupa yenye gololi ndogo za kioo ili isigande, na kuichanganya na agari iliyopoa kiasi cha kushikika kwa mkono. Wageni hucheka, lakini mwenye kuijua kazi hacheki: damu ya binadamu iliyopitwa na muda kutoka benki ya damu, ambayo maabara nyingi huikimbilia, inaweza kuwa na kingamwili au mabaki ya antibayotiki, na haionyeshi vizuri namna bakteria wanavyozivunja chembe za damu.

Mihadhara ni ya kawaida na sina la kuisemea, isipokuwa mmoja kuhusu homa. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za hapa Moshi mwaka 2007 na 2008 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali. Waliodhaniwa na madaktari kuwa na malaria walikuwa asilimia 60.7, na walioonekana kweli kuugua kwa malaria walikuwa asilimia 1.6. Miongoni mwa waliobaki kulikuwa na homa ya mgunda na bruselosisi, magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, na maambukizi ya bakteria kwenye damu. Baada ya kuyasikia hayo, huwezi tena kuiona chupa ya damu kuwa ni gharama ya ziada.

Ndiyo sababu udhaifu wa upande wa afya ya jamii unauma. Homa ya mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022, nchi nzima ilijifunza jina la ugonjwa ambao huku kaskazini ulikuwa ukipita kimyakimya chini ya jina la malaria; ungetegemea mafunzo yatupeleke kwa wafugaji, machinjioni na kwa maofisa mifugo. Tulikwenda mara moja, kwa nusu siku, gari likiwa na haraka ya kurudi. Muda uliobaki tulichuja maji ya visima kutafuta ikoli, bakteria ya kinyesi, ambayo haipaswi kuonekana hata moja katika mililita 100, tukajaza fomu, na sikuwahi kujua fomu zile zilifikia meza ya nani.

Kuhusu vitendanishi, yaani dawa na vifaa vya kupimia, subira inahitajika. Mara mbili diski ziliisha na tukakaa wiki kadhaa tukisoma nadharia. Posho nayo huja kwa mwendo wake. Lililo zito zaidi ni cheti. Nchini Marekani mafunzo ya aina hii huchukua miaka miwili pia, lakini kwa muda mrefu yamekuwa na kamati ya ithibati chini ya chama cha wanamikrobiolojia, na mhitimu ana mtihani wa bodi wa kumpa hadhi inayotambulika. Mimi nilipopeleka cheti changu kwa mwajiri, ofisa utumishi alikigeuza nyuma na mbele, akauliza akiweke kwenye faili la semina au la shahada. Nilimwambia achague. Aliweka kwenye semina.

Pamoja na hayo, daktari au mtaalamu wa maabara anayetaka kujua benchi lina maana gani kwa mgonjwa ningemshauri aombe nafasi, ila adai kwa maandishi, kabla ya kusaini, ratiba ya miezi ya uwandani. Na anunue kalipa yake mwenyewe ya kupimia duara. Ya pale hukaa kwenye droo ya fundi mmoja, ambaye huifunga kwa ufunguo saa tisa na nusu alasiri na kwenda zake Pasua.