Ngalawa ya Tengo Moja Katika Baridi ya Julai: Uzoefu Wangu

Wakazi wengi wa Nairobi wanaovutiwa na kupiga kafi katika ngalawa za mtindo wa Hawaii huahirisha hadi Septemba, kwa sababu kuanzia Juni jiji hufunikwa na mawingu tangu alfajiri na joto la asubuhi huweza kushuka hadi nyuzijoto 11 au chini ya hapo. Mimi nilianza mafunzo Julai hii katika bwawa moja lililo pembezoni mwa jiji, upande wa Kiambu, kwa watu wanaotoza shilingi 2,500 kwa saa moja na nusu, chombo na mwalimu vikiwemo. Maoni yangu ni kwamba kuanza wakati wa baridi kunawezekana na kunapendeza, ila huduma hii imepangwa vizuri kwa muda ambao mwanafunzi yuko majini, na imepangwa ovyo kwa muda anaoutumia nchi kavu, ambako ndiko baridi inakomshika hasa.

Chombo chenyewe hakifanani sana na ngalawa ya Pwani yenye tanga na matengo mawili, yaani vielea vya ubavuni vinavyokizuia chombo kisipinduke. Ni chembamba, cha mtu mmoja, chenye urefu wa mita 6 hivi, na ni chepesi kiasi kwamba mwalimu hukibeba begani peke yake hadi ukingoni. Kina tengo moja tu, upande wa kushoto, lililofungwa kwa mirengu miwili, yaani fito zinazoliunganisha na chombo, na usukani unaoongozwa kwa miguu. Mpiga kafi akielemea kushoto kidogo, tengo hulala juu ya maji na chombo hutulia. Akielemea kulia, tengo huinuka, na asipowahi kujirudi atapinduka.

Kupinduka huko ndiko kulikokuwa somo la kwanza, na hapa nawasifu bila kusita. Kabla hatujafundishwa lolote kuhusu mwendo, kila mmoja wetu alitakiwa kujipindua makusudi mahali ambapo maji hayakuwa na kina kirefu. Asubuhi hiyo mvuke ulikuwa ukipanda kutoka bwawani, kwa kuwa maji yalikuwa na joto kuliko hewa, na jambo hilo linaweza kumdanganya mgeni akadhani ataogelea kwa raha. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayokadiriwa kuwa mara 25 ya hewa, kwa hiyo hata yakiwa vuguvugu kuliko upepo, pumzi ya kwanza baada ya kuzama hukatika na kifua hubana. Mwalimu, kijana aliyelelewa Kilifi, alitusisitizia tushike chombo na tusifanye chochote hadi pumzi itulie, ndipo tukigeuze na kupanda tena kwa upande wa tengo. Nilifanya hivyo, na tangu hapo sijaogopa tena kuanguka, ingawa siwezi kusema nakufurahia.

Kuhusu kafi, ufundishaji ni wa makini. Makafi yao yana mpini uliopinda kidogo karibu na bapa, na mwanafunzi huonyeshwa upande unaopaswa kutazama mbele, kisha hufundishwa kulichovya mbali karibu na nyayo, kulizamisha bapa lote kabla ya kuvuta, na kulitoa likifika usawa wa nyonga. "Dada, usivute kwa mkono, zungusha kiwiliwili," ndilo agizo nililolisikia kuliko mengine yote. Baada ya mapigo kama 12 au 15 mwalimu hupaza sauti, "Badili!", na kafi huhamia upande wa pili. Ukifuata mwendo huo, hutachukua muda mrefu kabla ya jasho kukutoka, na wale waliokuja na sweta nzito ndio hulazimika kurudi ukingoni kuzivua.

Sasa mavazi. Wenye huduma humpa kila mtu suti ya mpira wa neoprini yenye mikono mirefu, ambayo huhifadhi tabaka jembamba la maji kati yake na ngozi ili mwili uyapashe joto. Kifuani na miguuni inafaa kabisa, lakini mabegani inabana, na mchezo huu ni wa mabega. Baadaye nilijinunulia mtumbani suti isiyo na mikono, nikawa naivaa juu ya fulana nyembamba ya kukimbilia, isiyo ya pamba, kwa kuwa pamba ikilowa hubaki na maji na kumpoza mtu asubuhi nzima. Glavu nilizijaribu nikaziacha: huufanya mpini uwe mnene, na misuli ya mkono huchoka upesi.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu suti hizo za kukodisha. Julai jua ni haba, nazo huanikwa chini ya mti, kwa hiyo anayefika asubuhi hukabidhiwa suti inayotiririka maji ya jana, na huivaa nyuma ya turubai lisilofungika upande mmoja. Zaidi ya mara moja tulisimama tukiwa tumezivaa kwa muda wa kutosha kupoa kabisa, kwa sababu tu mwenye ufunguo wa stoo ya makafi hakuwa amefika. Siku moja pia nilipewa kamba ya mguuni, ile inayomfunga mpiga kafi na chombo chake, ambayo ukanda wake ulifunguka nilipouvuta kidogo tu, jambo ambalo si dogo, kwani ngalawa nyepesi namna hii ikipigwa na upepo huenda mbali haraka kuliko mtu anavyoweza kuogelea. Nilipoirudisha nilipewa nyingine bila ubishi, na majaketi ya kuokolea maisha, kwa haki yao, ni mazuri na yako ya kila kimo.

Baada ya mafunzo hakuna mahali pa kujipasha joto isipokuwa kibanda cha mama mmoja aliye nje ya lango, ambaye chai yake ya tangawizi haimo katika bei na inastahili kila shilingi.

Niliwaeleza wasimamizi kuhusu suti, wakaahidi kuzianika ndani ya stoo, ahadi ambayo hadi ninapoandika haijatimizwa. Kwa sasa nimehamia kipindi cha saa nne, ambapo hewa huwa imepata joto kidogo ingawa upepo nao huwa umeanza kuyachafua maji. Anayetaka kipindi cha alfajiri kabla ya Septemba na aje na suti yake, taulo mbili na kofia ya sufu ya kuvaa mara tu atokapo majini.