Nebulaiza ya kompresa kwa chatu mwenye homa ya mapafu: miezi mitatu ya kuitumia

Niliinunua Januari, Johari alipoanza kupumulia mdomo. Johari ni chatu wangu jike wa miaka 6, wa aina ile ndogo ya Afrika Magharibi inayojiviringa kama mpira ikiogopa. Hapa Uingereza wengi tunafuga hao. Usiku nilisikia mluzi mwembamba nikadhani ni upepo wa dirishani. Asubuhi nikamkuta ameinua kichwa juu, mapovu yanamtoka pembeni mwa mdomo. Niliumia sana kwamba nilisikia nikalala.

Nyoka hana kiwambo kati ya kifua na tumbo, kwa hiyo hawezi kukohoa kama sisi. Makohozi yakishaingia pafuni hubaki humo yakizidi kuwa mazito. Nebulaiza inayageuza maji ya chumvi ya hospitali, yale ya asilimia 0.9, kuwa ukungu; nyoka akiuvuta, makohozi yanalegea. Ni kama kujifukiza, ila ukungu huu ni wa baridi, na tafadhali usimtilie mkaratusi wala mafuta yoyote ya kunukia. Namweka kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko na matundu ya hewa, napitisha mpira wa mashine, dakika 15 asubuhi na 15 jioni.

Yangu ni ile ile wanayouziwa wagonjwa wa pumu, pauni 38. Inavuma kwa nguvu. Siku mbili za kwanza Johari alihangaika boksini, mpaka nilipoitoa mezani nikaiweka sakafuni juu ya taulo. Mtetemo ukapungua, akatulia. Baada ya wiki moja mluzi ulikuwa hausikiki tena.

Ila mtu asije akadhani mashine ndiyo iliyomponya. Nilimpeleka kwa daktari anayetibu wanyama watambaao. Alimpangusa mdomoni akachukua sampuli ya kupima nidovirusi, kwa sababu virusi hivyo huua chatu na antibiotiki haivifanyi kitu. Hakuwa navyo. Akampa antibiotiki iitwayo ceftazidime, sindano moja kila saa 72, kwenye msuli wa sehemu ya mbele ya mwili. Nilipewa mabomba ya sindano yenye dawa iliyokwisha kupimwa kulingana na uzito wake, niyahifadhi kwenye friza. Siku ikifika nalishika moja kiganjani mpaka dawa iyeyuke. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka.

Tena daktari, kabla ya kutaja dawa yoyote, aliuliza joto la tangi. Kipimajoto cha mshale kilichobandikwa kwenye kioo kilikuwa kinaniambia nyuzi 31. Nikaweka cha kielektroniki, waya wake sakafuni pale anapolala: 25. Amelala kwenye baridi ile tangu majani yaanze kupukutika, na nyoka akipoa, kinga yake nayo inalegea. Sasa nina themostati, kifaa cha kudhibiti joto. Upande wa joto 32, upande wa pili 26, unyevu kama asilimia 60. Mwenye pauni 38 tu mfukoni na nyoka bado mzima, namshauri aanzie hapo.

Kikombe cha dawa cha mashine kilipata ufa mwezi wa pili kwa sababu ya kuchemshwa, na cha akiba nilikingoja siku kumi. Hilo limenikera, maana tiba haisubiri. Nunueni viwili tangu mwanzo.

Jumamosi iliyopita Johari alimeza panya wake wa kwanza baada ya wiki tisa. Nilikaa mbele ya tangi mpaka mkia wa panya ulipopotea.