Seti ya Kuchunguzia Wadudu kwa Watoto Wadogo: Kopo Zuri, Kadi Mbovu

Seti hii, ambayo kasha lake linasema kwamba imekusudiwa watoto wa miaka 4 hadi 8, ina kopo la plastiki angavu lenye lenzi, kibano, wavu wa kunasia vipepeo, mrija wa kunyonyea wadudu wadogo na kadi za picha. Nimeitumia kwa miezi mitatu pamoja na binti zangu wawili, wa miaka 4 na 7, na niseme mapema kwamba kama kopo lingeuzwa peke yake, ningelinunua hilo na vingine ningeviacha dukani.

Aliyelibuni kopo bila shaka aliwahi kukaa na watoto. Mfuniko wake una lenzi inayokuza mara 2, na juu yake kuna nyingine inayofunuliwa na kufunikwa, ambayo ikitumiwa pamoja na ya kwanza ukuzaji hufika mara 4. Sakafu imechorwa miraba ya milimita 5, hivyo mtoto asiyejua kusoma rula anaweza kusema kwamba mbawakawa huyu ana urefu wa miraba minne. Kilichonipendeza zaidi ni kioo kilicholazwa mshazari chini ya sakafu hiyo, kinachomwonyesha mdudu upande wa tumbo bila kumpindua. Ni kwa kioo hicho watoto walipoona kwamba miguu yote sita ya panzi imeota kifuani, ilhali jongoo, ambaye pingili zake nyingi hubeba jozi mbili za miguu kila moja, huiendesha miguu yake kama wimbi linalopita. Konokono naye, akipanda ukuta wa kopo, huonyesha jinsi msuli wa unyayo wake unavyojikunja na kujikunjua. Binti yangu mdogo, ambaye alikuwa akikimbia kila kinachotambaa, alianza kwa kutazama akiwa nyuma ya plastiki, na katika wiki ya tatu aliomba mwenyewe kumweka konokono kiganjani.

Kibano sikukipenda kabisa. Vidole vya mtoto wa miaka 4 havijajua kupima nguvu, na mguu wa panzi hukatika kwa urahisi mno. Brashi laini ya kuchorea na kipande cha karatasi vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Wavu ni wa kawaida. Mrija una kasoro ya hatari: kitambaa chembamba kinachozuia mdudu asiingie kinywani mwa anayevuta kilibanduka siku ya pili, nami nikauweka kando.

Maelezo ya matumizi yana ukurasa mmoja tu, na yameacha mambo ambayo mzazi anapaswa kuambiwa. Kopo lililofungwa na kuachwa juani hupata joto haraka, na mdudu anaweza kufa licha ya kuwapo matundu ya hewa. Mnyoo wa udongo hupumua kwa ngozi, kwa hiyo huhitaji unyevu hata kwa dakika chache za kutazamwa. Viwavi wenye manyoya, ambao baadhi yao huwasha, tandu, nyuki na nyigu wasishikwe na mtoto kamwe. Jongoo akishikwa, mikono ioshwe kabla ya kugusa macho.

Sasa kadi. Ile ya kipepeo inaonyesha yai, kisha kiwavi, kisha kipepeo, kana kwamba hatua ya pupa, yaani pale kiwavi anapogeuka kuwa kipepeo ndani ya ganda, ambayo ndiyo maajabu yenyewe, haipo. Kosa hilo linauma zaidi kwa sababu pupa ndiyo inayomtofautisha kipepeo na panzi, ambaye mtoto wake, tunutu, hutoka yaini akiwa amefanana na wazazi wake ila kwa mbawa. Kadi ya buibui imechorwa miguu sita. Ninajua kwamba katika mazungumzo ya kila siku neno mdudu huwabeba hata buibui na tandu, wala sina ugomvi na matumizi hayo, lakini kadi ya kufundishia haina ruhusa ya kumpunguzia kiumbe miguu ili alingane na wenzake. Binti yangu mkubwa alimhesabu buibui aliye koponi mara tatu, akapata minane kila mara, akaniuliza nani amekosea. Kadi hiyo hatukuitupa. Ameiongezea miguu miwili kwa kalamu ya wino.